Mwamba Ngoma: A. D. Hope, Mshairi na Mhakiki wa Australia

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Aghalabu methali hii hutumiwa kumshutumu mtu apendaye nafsi yake, lakini inalo neno pia kwa wanafunzi wa fasihi. Mshairi ashikapo kalamu kuhakiki tungo za wenzake, je, aweza kuzipima kwa kipimo kingine isipokuwa kile anachojipimia mwenyewe? Na ikiwa hawezi, uhakiki wake wafaa nini? Maswali haya hayana budi kuulizwa katika fasihi yoyote ambayo watunzi wake ni wengi na wahakiki wake ni wachache, kwani huko mtu mmoja huwa mtunzi leo na kesho akawa mwamuzi wa watunzi. Kiswahili ni fasihi ya namna hiyo. Australia, katikati ya karne ya ishirini, ilikuwa hivyo pia, na mtu aliyeuonyesha mwambo huo wa ngoma waziwazi kuliko wote ni A. D. Hope.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uhodari wa Hope katika uhakiki na upungufu wake vilitoka mahali pamoja, yaani katika sikio lake la kishairi. Pale sikio lile liliposikia, hukumu zake zilikuwa za haki hata zilipouma. Pale lisiposikia, mshairi na mhakiki walikosea pamoja.

Maisha yake kwa ufupi

Alec Derwent Hope alizaliwa mwaka 1907 katika mji wa Cooma, jimbo la New South Wales. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri, na sehemu ya utoto wake aliipitisha katika kisiwa cha Tasmania. Alisoma Chuo Kikuu cha Sydney, kisha Oxford, akarudi kwao mwaka 1931 wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Alifundisha Sydney, halafu tangu 1945 katika Chuo Kikuu cha Melbourne. Mwaka 1951 akawa profesa wa Kiingereza katika Canberra University College, chuo ambacho mwaka 1960 kiliunganishwa na Australian National University. Huko Canberra yeye na mwenzake Tom Inglis Moore walisaidia kuifanya fasihi ya Australia kuwa somo kamili la chuo kikuu, wakati ambapo wasomi wengi waliona kwamba hakuna cha kusomwa. Alifariki mwaka 2000.

Diwani yake ya kwanza, The Wandering Islands, ilitoka mwaka 1955, naye akiukaribia umri wa miaka hamsini. Hili si jambo dogo. Kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo wasomaji wa majarida walikuwa wamelijua jina lake hasa kwa tahakiki za vitabu. Waliujua mjeledi kabla ya kulijua shairi. Wakati huohuo, katika miaka ya 1940, watoto walimjua kwa jina la Anthony Inkwell katika kipindi cha redio kiitwacho Argonauts, ambamo alizungumza nao juu ya ushairi. Mwalimu na mchapaji viboko walikaa katika mtu mmoja.

Mshairi wa kanuni

Hope aliandika kwa vina na mizani maisha yake yote, hata katika miaka ambayo washairi wengi wa Kiingereza walikuwa wameviacha. Kwa msomaji wa Kiswahili yafaa ieleweke kwamba mizani ya Kiingereza si sawa na ya Kiswahili. Katika Kiswahili mizani ni hesabu ya silabi: mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, na vina hukaa kati na mwisho. Katika Kiingereza kinachohesabiwa hasa ni mkazo. Mshororo aliouzoea Hope una mikazo mitano, silabi nyepesi ikifuatwa na nzito, hata jumla yake ikawa silabi kumi hivi; na kina hukaa mwishoni tu.

Lakini mshairi hodari hauachi usemi wake uende sambamba na mikazo hiyo kama askari wa gwaride. Sentensi huvuta huku na mizani huvuta kule, na katika mvutano huo ndimo raha ya shairi inamopatikana. Hii ndiyo hoja aliyoitetea Hope katika insha yake juu ya ushairi huru iliyomo katika kitabu The Cave and the Spring (1965). Kwa maoni yake, anayeziondoa mizani hauongezei usemi uhuru, bali anaunyang'anya kitu cha kushindana nacho.

Mfano mzuri ni shairi lake "The Death of the Bird", linalosimulia safari ya mwisho ya ndege wa kuhamahama. Kila mwaka ndege huyo ameitwa na nchi mbili, ile ya baridi na ile ya joto, naye ameitika. Safari hii anaondoka na wenzake, kisha anajikuta peke yake juu ya mabonde na bahari, ile hisi iliyomwongoza imemponyoka, naye anaanguka. Ardhi inaupokea mzigo wake mdogo bila huzuni wala chuki. Shairi hili lingeweza kuwa la machozi. Linachoepushwa nacho ni ile hatua yake iliyopimwa: ubeti wa mishororo minne yenye vina vya kupishana unaendelea kwa utulivu uleule wakati ndege anapopotea. Dunia haibadili mwendo kwa ajili ya kifo cha kiumbe mmoja, na mizani haibadiliki pia. Hapo umbo lenyewe ndilo linalosema maana, na anayedai kwamba vina na mizani ni pambo la nje hana budi kulijibu shairi hili kwanza.

Hoja yake nyingine yawagusa wasomaji wa Kiswahili kwa karibu zaidi. Katika insha aliyoitoa mwaka 1956 juu ya kile alichokiita ikolojia ya ushairi, Hope alisema kwamba aina za utungo hutegemeana kama mimea ya msituni. Utendi, utungo wa kejeli, barua ya kishairi na utungo wa mafunzo vikifa, hubaki vichaka tu, yaani vishairi vifupi vya hisia za mtu binafsi, na mwishowe huja jangwa. Alichokililia hasa ni mtindo wa kati: ushairi unaoweza kueleza, kuhoji, kusimulia na kuusia bila kupandisha sauti. Mtu aliyelelewa na Utendi wa Mwana Kupona (1858) au Inkishafi hahitaji kuelezwa mtindo huo ni upi. Katika Kiswahili mti huo haukukatwa. Yawezekana kabisa kwamba msomaji wa Mombasa au Lamu ameandaliwa kumwelewa Hope katika jambo hili kuliko wengi wa wananchi wenzake.

Mjeledi wa mhakiki

Tahakiki tatu zatosha kuonyesha namna alivyofanya kazi.

Ya kwanza ilitoka katika jarida la Southerly mwaka 1941, nayo iliwahusu Wajindyworobak. Hawa walikuwa washairi wazungu walioanza harakati yao Adelaide mwaka 1938 chini ya Rex Ingamells. Walitaka ushairi wa Australia uache kuona nchi yao kwa macho ya Uingereza, uchukue maneno na fikra za wenyeji wa asili. Jina lenyewe walilitoa katika lugha ya wenyeji, likiwa na maana ya kuunganisha. Hope aliwacheka bila huruma, akawafananisha na maskauti, yaani watoto wanaojipaka rangi na kuwasha moto porini wakidhani wamekuwa wenyeji.

Ya pili ilitoka katika Meanjin mwaka 1944, nayo ilikiteketeza kitabu cha riwaya cha Max Harris, The Vegetative Eye. Harris ndiye aliyekuwa mhariri wa jarida la Angry Penguins, na mwaka huohuo James McAuley na Harold Stewart walimnasa kwa hila. Walitunga mashairi ya ovyo kwa makusudi, wakayatuma kwa jina la mtu asiyekuwako, Ern Malley, na Harris akayachapa kama kazi ya fundi mkubwa. Hope alikuwa rafiki wa McAuley, na katika uadui wa ushairi wa kisasa walikuwa kambi moja.

Ya tatu ndiyo inayokumbukwa zaidi. Mwaka 1956, katika gazeti la Sydney Morning Herald, Hope aliihakiki riwaya ya Patrick White, The Tree of Man. Alikiri kwamba White alizaliwa kuwa mwandishi, kisha akamlaumu kwa kuandika nathari kana kwamba ni ushairi, na akaufananisha mtindo wake na tope. White hakuisahau. Mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobel, na tangu hapo tahakiki ile imetajwa kila mara kuwa ushahidi wa upofu wa wahakiki.

Lakini kuishia hapo ni kumwonea Hope. Hapana budi kukumbuka hali aliyoikuta. Katika fasihi ndogo watunzi hufahamiana. Huyu humsifu yule, na yule hurudisha shukrani katika toleo lifuatalo. Katika nchi iliyokuwa ikijitafutia sura yake, kitabu kiliweza kusifiwa kwa sababu tu kina miti ya mikalitusi na vumbi la nchi. Hope alikataa kabisa kwamba uzalendo waweza kusimama mahali pa ufundi. Alidai kwamba kitabu cha Australia kipimwe kama kitabu chochote. Dai hilo lina heshima ndani yake: asiyemkosoa mtunzi kwa sababu ni wa kwao amemhesabu kuwa mtoto. Hata juu ya Wajindyworobak alikuwa na hoja. Wengi wao hawakuzijua lugha walizokopa maneno yake. Waliyachomeka maneno hayo katika beti za Kiingereza kama manyoya katika kofia.

Sikio na mipaka yake

Kosa lake lilikuwa mahali pengine, na ili kuliona inafaa kurudi kwenye ushairi wake. Mwaka 1939, miaka miwili kabla ya tahakiki ya Southerly, Hope aliandika shairi lake mashuhuri liitwalo "Australia". Lina beti saba za mishororo minne. Kwa sehemu kubwa ni shutuma: nchi imechoka kabla ya kukomaa, miji yake mitano yainyonya, na watu wake ni Wazungu wa mkono wa pili. Miongoni mwa mambo anayosema imeyakosa ni nyimbo na historia. Mwishoni shairi linageuka: kuna wanaorudi kwa furaha katika jangwa hilo, wakitumaini kwamba manabii bado hutoka jangwani.

Kama utungo, shairi hili ni imara, na mgeuko wake wa mwisho una nguvu kwa sababu shutuma zilizotangulia hazikupunguzwa makali. Lakini nchi isiyo na nyimbo ni ipi? Wazungu walipoanza kukaa huko mwaka 1788, Australia ilikuwa na lugha zaidi ya 250, na katika kila upande wake watu waliimba. Waliimba milima, visima, mvua na safari za mababu wa mwanzo. Mwandishi aliyeiona nchi hiyo kuwa haina nyimbo ndiye aliyewahakiki, miaka miwili baadaye, watu waliodai kwamba kuna kitu cha kusikilizwa. Aliwacheka kwa kutokisikia vizuri kitu ambacho yeye mwenyewe hakukisikia kabisa.

Kilichofuata ni kejeli ya historia. Mwanaanthropolojia R. M. Berndt alichapisha mwaka 1948 tafsiri ya mfululizo wa nyimbo za mwezi kutoka Arnhem Land, kaskazini mwa nchi. Mwaka 1971 T. G. H. Strehlow, aliyezaliwa katika misheni ya Hermannsburg na kuijua lugha ya Kiaranda tangu utotoni, alitoa kitabu kikubwa, Songs of Central Australia. Humo alionyesha kwamba nyimbo hizo si kelele za porini bali ni ushairi wenye kanuni kali. Mishororo yake hupangwa jozi jozi. Mapigo ya wimbo hupimwa. Na maneno hurefushwa, hukatwa na kuhamishwa mkazo ili yaingie katika mapigo hayo, hata ikawa mtu anayeijua lugha ya kila siku asiyatambue mara moja. Msomaji wa Kiswahili atayaona hapo mambo yanayofanana na mazda na inkisari. Basi kanuni aliyoitetea Hope dhidi ya watungaji wa ushairi huru ilikuwapo nchini kwake muda wote, ikitunzwa na watu ambao shairi lake halikuwahesabu.

Si kanuni tu iliyokuwapo. Mwaka 1964 Kath Walker, ambaye baadaye alichukua jina la Oodgeroo Noonuccal, alitoa We Are Going, diwani ya kwanza kuchapishwa na mtu wa wenyeji wa asili, naye alitiwa moyo na mshairi Judith Wright. Mwaka 1977 Les Murray, aliyejiita Mjindyworobak wa mwisho, alitoa utungo wake mrefu juu ya likizo katika wilaya za Buladelah na Taree. Ameugawa sehemu kumi na tatu kwa kufuata mfululizo wa mwezi ulivyotafsiriwa na Berndt, na mishororo yake mirefu haina vina. Huo ni miongoni mwa tungo kubwa za Australia za karne ile. Njia iliyochekwa mwaka 1941 ilikuwa imefika mahali.

Hope hakulinyamazia jambo hili. Mwaka 1974 alikusanya insha na tahakiki zake za kati ya 1936 na 1966 katika kitabu Native Companions, na humo alikiri kwamba Wajindyworobak walistahili kufidiwa kwa jinsi alivyowatendea. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kidogo juu ya Judith Wright, ambamo sauti inayosikika zaidi ni ya mfafanuzi anayefuata utungo wa mwenzake kwa subira. Kanuni zake za ufundi hakuziacha. The Age of Reason (1985) ingali na vina na mizani. Kilichobadilika ni madai yake juu ya mahali kanuni hizo zinapofika.

Hope na mgogoro wa Kiswahili

Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili unafanana na huu kiasi cha kumfanya Hope asiwe mgeni. Mwaka 1954 Amri Abedi aliziandika sheria za kutunga mashairi. Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani isiyozifuata. Wanajadi walisema kwamba kisicho na vina na mizani si shairi. Wanamapinduzi walijibu kwamba vina na mizani ni pingu. Walioandika hukumu hizo, pande zote mbili, wengi wao walikuwa watunzi wenyewe, na kila mmoja aliiwamba ngoma akiivutia ngozi kwake.

Kwa wanajadi, Hope ni mshirika na ni onyo pia. Ni mshirika kwa sababu aliitetea arudhi kwa hoja za ufundi. Hakusema kwamba mizani ni nzuri kwa kuwa ni ya mababu. Alionyesha inafanya kazi gani katika mshororo. Utetezi wa namna hiyo ni adimu katika Kiswahili, ambako mara nyingi hesabu ya silabi huchukuliwa kuwa hoja yenyewe. Ni onyo kwa sababu mtu huyuhuyu, mwenye sikio kali kuliko wenzake wote, alitangaza ukimya mahali palipojaa nyimbo. Anayeipima Kichomi kwa vina ataiona imepungua kabla hajaifungua, na hatajua kamwe mapigo yake yako wapi, kama yapo.

Kwa wanamapinduzi nao yako maswali. Wakisema arudhi ni pingu, wamewahi kueleza ni nini kinachotokea katika Sauti ya Dhiki (1973), ambamo Abdilatif Abdalla, akiwa mfungwa kwelikweli, alitunga kwa vina na mizani na sauti yake isifungwe? Na anayeisifu Chembe cha Moyo (1988) ya Alamin Mazrui kwa sababu tu imeivunja kanuni hajaihakiki bado. Amehesabu kilichokosekana, kama wafanyavyo wanajadi anaowapinga.

Hivyo swali la mwanzo lapata jibu lake. Mshairi anayehakiki hawezi kulivua sikio lake mlangoni, wala haifai alivue, kwani ndilo linalompa cha kusema. Analoweza kufanya ni kukitangaza kipimo chake, ili msomaji ajue ngozi inavutwa upande gani, na kujifunza mapigo ya utungo ulio mbele yake kabla ya kusema kwamba hauna. Hope alilifanya la kwanza tangu mwanzo. La pili lilimchukua zaidi ya miaka thelathini, na katika muda huo washairi waliohitaji msomaji walipata kicheko. Ingamells alikufa mwaka 1955, karibu miaka ishirini kabla ya fidia ile kuandikwa.